Usingizi Uliofunga Mlango

Jumamosi Grant Street, mjini Buffalo, Marekani, haina adabu. Magari yanasimama yanapopenda, akina mama wanakatiza barabara na mifuko ya sombe, yale majani ya muhogo, na mtu aliyekuja kutuma pesa nyumbani hujikuta anaondoka na samaki wakavu ambao hakuwa na mpango nao. Jumamosi moja ya Aprili, theluji ya mwisho ikiwa bado imejikunyata kando ya barabara, Tevin Mwenda alichoka kusimama kwenye foleni ya duka moja hapo. Akaona gunia, akalikalia.

"Pardon, kaka. Umeikalia chakula yetu."

Aliinua macho. Mbele yake alisimama msichana mrefu, sare ya buluu ya wahudumu wa wazee chini ya koti jekundu, nywele zimesukwa na kufungwa nyuma, macho mazito ya mtu aliyekesha kazini.

"Samahani, nilidhani ni sukari."

"Sukari njo unaweza kuikalia?"

"No, hata hiyo pia siwezi. Samahani sana."

"Mukenya," alisema msichana.

"Umejuaje?"

"Mukongomani hawezi kukalia bunga. Na hawezi kuomba pardon mara mbili."

Tevin alicheka mpaka mwenye duka akamtazama kwa jicho baya. Akalibeba lile gunia la unga mwenyewe mpaka kwenye gari la msichana, shati lake la ofisini likageuka la mwashi, na alipomaliza alikuwa na namba ya simu. Jina lilikuwa Précieuse Cikuru, kifungua mimba wa Mzee Polycarpe, familia ya kutoka Walungu, Kongo, iliyopitia kambi za Uganda kabla ya kufika Buffalo. Yeye Tevin alizaliwa Nakuru mjini, akaja kusoma Amherst, na sasa alikuwa mhandisi katika kiwanda kimoja cha Tonawanda. Kijana wa mjini kabisa, mwenye adabu zake, lakini mila alizijua kwa kusikia redioni.

Simu zikaanza. Alimpigia akiwa njiani kwenda kazini, naye akampigia akitoka zamu.

"Umekula, malkia?"

"Nilikula. Weye ulikula nini, pizza?"

"Ugali."

"Ya unga ya mahindi. Hiyo haiko ugali, ni uji yenye kuwa na kiburi."

Mwezi haukuisha, wakawa wanapendana, na wote wawili walijua.

Sasa mimi sijui nani aliwadanganya vijana kwamba mapenzi hayanogi bila mandhari, lakini Tevin alikuwa na lake moyoni. Bibi yake alifua nguo za Mwingereza mmoja kule Molo, na Tevin mdogo alikuwa akisimama nje ya ua akiangalia ile nyumba: ya mawe, fupi, madirisha madogo, mawaridi yamepanda ukutani. Hakuwahi kuingia. Basi alipoona mtandaoni kwamba mjane mmoja wa Kiingereza, Bi. Whitcombe, anakodisha kijumba cha namna ile mashambani karibu na korongo la Letchworth, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Buffalo, hakuuliza mara mbili. Alikichukua kila mwisho wa wiki, kuanzia Mei mpaka Agosti. Alitaka kuamka asubuhi humo ndani, dirisha liko wazi, na Précieuse anamwambia chai iko tayari.

Mzee Polycarpe alisikiliza habari hiyo kutoka kwa binti yake, akiwa amevaa fulana yake ya kiwandani, kisha akatoa hukumu.

"Kwenda, mutaenda. Kulala, hapana. Na Gloire ataenda na weye."

Gloire, mdogo wake Précieuse, alikuwa kidato cha mwisho na hakuwa na hamu ya mawaridi. "Papa, I'm not her bodyguard," alisema, akaenda hivyohivyo, vipokea sauti masikioni.

Hivyo ndivyo majira ya kuchipua yalivyopita, kwa safari za kwenda na kurudi. Mei walitembea chini ya miti ya matofaa iliyochanua, Précieuse amevaa gauni la kitenge cha manjano, raba miguuni, na Tevin anampiga picha mpaka anamchosha. Bi. Whitcombe aliwaalika chai bustanini na vimikate vikavu vya kwao. Précieuse akamnong'oneza Tevin kwamba mikate hiyo ilitolewa jikoni kabla haijakata shauri. Juni walikwenda shamba la kuchuma stroberi, wakachuma nusu na kula nusu. Na ni katikati ya matuta yale ya stroberi ambapo Tevin alilalamika.

"Kila saa ni kukimbizana na jua. Kwani mimi ni mwizi? Si mlale tu, wewe na Gloire mchukue chumba, mimi nilale kwa kochi."

"Unajua kwetu, nikilala kwako, nimeisha kuolewa?"

"Na kama sijakugusa?"

"Hakuna mutu ataniuliza kama ulinigusa. Nimelala chini ya paa yako, basi. Papa hawezi kunifungulia mulango. Ananiambia, rudia kwa bwana yako." Alikuwa anacheka, midomo imejaa wekundu.

Tevin naye alicheka. "Kumbe ni rahisi hivyo? Wacha nikununulie mto."

Alimwambia akicheka, na hilo lilikuwa kosa la Précieuse. Kosa la Tevin lilikuja Julai.

Jumamosi hiyo Gloire alikuwa amepata kibarua cha likizo. Mzee Polycarpe, ambaye sasa alikuwa ameanza kumzoea kijana, alimruhusu binti yake aende peke yake. "Jua likiwa juu, mukuwe mu barabara ya kurudia," alisema. Précieuse hakumwambia kwamba alikuwa anatoka kazini moja kwa moja, usiku kucha na asubuhi juu yake, maana mwenzake wa zamu hakutokea na wazee hawaachwi peke yao. Mzee angemkataza, naye alitaka kwenda.

Walikwenda kuona maporomoko. Maji yalikuwa yanaunguruma kule chini ya korongo, hewa ina harufu ya majani mabichi, na Précieuse alikuwa anajikwaa kwenye ngazi na kusema hajambo. Walirudi kwenye kijumba kuchukua vyombo vya chakula. Akakaa kwenye kiti kirefu cha dirishani.

"Dakika tano, chéri. Kisha twende."

"Sawa, pumzika."

Alipotoka jikoni, alimkuta amelala fofofo, kiatu kimoja mguuni. Tevin alimtazama. Alimjua kwa miezi mitatu na hakuwahi kumwona bila ule uchovu usoni. Sasa uso ulikuwa umelegea kama wa mtoto, na moyo wake ukamwuma kwa huruma. Nani angemwamsha? Alimvua kile kiatu, akamfunika. Simu ya Précieuse ikaanza kutetemeka mezani, jina limeandikwa Papa. Aipokee? Hajawahi kutambulishwa rasmi kwa mzee. Kupokea simu ya binti yake na kusema "amelala" aliona ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kunyamaza. Akaifunika kwa taulo, isimsumbue. Na jua lilipozama, ili mtu yeyote asije kusema neno, akaenda kulala garini, magoti yakigusa usukani. Alilala akijipongeza.

Alfajiri mlango wa gari ulifunguliwa kwa nguvu.

"Tevin. Ni siku gani?"

"Jumapili. Good morning, malkia. Umelala vizuri?"

Précieuse alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, nywele zimelala upande mmoja. Alikuwa amekwisha kuona simu zote zilizopigwa: za baba, za Gloire, ya baba mkubwa Jules wa Columbus, hata ya shangazi Elisabeth wa Louisville.

"Haukuniamusha."

"Ulikuwa umechoka. Nilikuonea huruma."

"Haukuniamusha, Tevin."

"Lakini mimi nimelala kwa gari. Look, hata shingo yangu haigeuki. Hakuna kitu kimetokea."

"Nilikuambia mu shamba ya stroberi. Nilikuambia na kinywa yangu."

"Nilidhani ni hadithi za zamani. Ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka juu nilikuwa na furaha," alisema Précieuse.

Waliondoka hapohapo kurudi Buffalo. Walipita mashamba ya mahindi, wakapita ng'ombe, na kila Précieuse alipojaribu kumpigia baba yake, simu ilikatwa. Tevin alikuwa anaendesha kwa kasi ya mtu anayedhani haraka itasaidia.

Walimkuta Mzee Polycarpe kwenye kibaraza, suti ya kanisani, tai imekazwa. Pembeni yake palikuwa na sanduku la Précieuse, na juu ya sanduku sare yake ya kwaya imekunjwa vizuri. Gloire alikuwa dirishani analia.

"Papa, nilikuwa nimechoka, nikalala. Ni hiyo tu."

"Bon. Mutu akilala, amelala fasi. Rudia kule fasi ulilala."

"Papa."

"Nilipiga simu mpaka mukono ikachoka. Nilifikiri umekufa mu barabara. Nilipiga kwa Jules, nilipiga kwa Elisabeth, donc familia yote inajua. Sasa unataka niseme nini kwa batu? Kwamba binti yangu alisinzia?" Mzee hakupaza sauti, na hiyo ilitisha zaidi. Alikuwa na macho mekundu. "Kwetu hatuokote mutoto mwenye ameisha kutoka."

Hapo Tevin akaona lazima afanye jambo la kiume. Alipanda ngazi, akavua kofia.

"Mzee, usimfukuze. Kosa ni langu. Kama mila inasema ameolewa, sawa, mimi nimekubali. Nitamwoa."

Alitegemea kushukuriwa, masikini. Mzee aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayepokea fedha kutoka kwa mdeni. Lakini Précieuse aligeuka akamtazama Tevin, na Tevin akatamani ardhi impe nafasi.

"Umekubali?"

"Si ndivyo wanataka?"

"Bao banataka. Weye unataka nini?"

"Précieuse, this is not the time. Nataka uingie kwenu."

"Umenikubali kama vile batu banakubali tiketi ya polisi." Alibeba sanduku lake mwenyewe. Tevin aliponyoosha mkono kulishika, alilihamishia upande wa pili.

Jioni hiyo Précieuse alipanda basi la kwenda Louisville, kwa shangazi Elisabeth, dada wa baba yake. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kusema, anayepanga vifurushi ghalani na asiyeogopa mtu. Alimpa kitanda, akampa supu, na siku tatu hakumwuliza kitu. Siku ya nne akamwuliza.

"Unamupenda?"

"Nampenda, Shangazi. Njo maana inaniuma."

"Basi kuko shida gani? Jules amesema ataita kikao Columbus. Kijana atasema alikubeba kama muke yake, atalipa mbuzi ya kosa, tutakula, utapona."

"Nitaolewa juu ya usingizi."

"Mimi niliolewa juu ya mvua," alisema shangazi. "Nilijikinga kwao, mvua ikakataa kuisha." Akacheka peke yake, kisha cheko likakauka. "Bon. Miaka mingi sikupenda mvua."

Buffalo nako Tevin alikuwa hali wala halali. Simu zake hazikupokelewa. Alituma ujumbe, alituma sauti, alituma picha ya mto mtupu, akaifuta kwa aibu. Jioni moja alipokuwa anaegesha gari Tonawanda, simu ikaita.

"Umekula?" sauti ya Précieuse iliuliza, kavu.

"Précieuse. God. Sijakula. Uko sawa?"

"Niko. Nakuambia kitu moya, na usinikate. Papa aliniambia nimeolewa. Baba mukubwa aliniambia nimeolewa. Shangazi ananiambia nitapona. Na weye ulisema umekubali. Tevin, hakuna mutu hata moya mwenye aliniuliza."

"Basi mimi naku—"

"Hapana. Usiniulize sasa kwa woga." Akakata.

Kikao kilipangwa Columbus, kwa Baba mkubwa Jules, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa katikati ya njia kwa wote. Tevin alimchukua Ochieng, Mkenya mtu mzima aliyemfundisha kazi kiwandani, amsimamie kama mzee wake. Njia nzima Ochieng alimpa mkakati.

"Wewe sikiliza. Watakuuliza ulimchukua ama hukumchukua. Sema nilimchukua. Unaomba msamaha, unatoa mbuzi, unatoka hapo na bibi. Finished. Ukisema hukumchukua, unawaambia binti yao alilala kwako na humtaki. Hao watakufukuza, na hutamwona tena."

"Na yeye je?"

"Yeye si anakupenda?"

Tevin alifungua dirisha. Mashamba ya Ohio yalikuwa yanapita dirishani, tambarare.

Sebule ya Jules ilikuwa na viti vya ngozi, vitambaa vyeupe vya kushonwa juu ya kila kitu, na wanaume waliovaa suti kwenye joto la Agosti. Polycarpe alikaa pembeni, amekonda. Wanawake walikuwa jikoni, na Tevin alijua Précieuse yuko kule kwa sababu jikoni kulikuwa kimya mno. Jules, mzee mwembamba mwenye miwani, alisali kwanza. Kisha akasema:

"Kijana, hatutaki maneno mingi. Ulibeba binti yetu, ao haukumubeba?"

Ochieng alimgusa goti. Tevin alisimama. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya koti.

"Sikumchukua."

Kikao kilivurugika. Mmoja alisema huyu ni mhuni, mwingine akasema Wakenya ndivyo walivyo. Polycarpe alifumba macho. Jules aliinua mkono mpaka wakanyamaza.

"Unajua unasema nini? Ukisema haukumubeba, hauna neno naye. Utatoka kwa ile mulango na hautarudi."

"Najua, Mzee." Akamtazama Jules usoni. "Nampenda kuliko kitu chochote. Mkiniambia nimchukue leo, roho yangu itaruka. Lakini nikisema nilimchukua, nitakuwa nimemwiba kweli. Alikuja kwangu kama mgeni, mchana, kwa ruhusa ya baba yake. Alilala kwa sababu alichoka, na mimi sikumwamsha kwa sababu nilidhani nina huruma, kumbe nina ujinga. Kosa ni langu, nitalipa mbuzi kwa ajili ya ujinga wangu. Yeye sitamlipia, kwa sababu hajatoka kwenu. Ni binti yenu vilevile."

Ochieng alishika kichwa.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Précieuse alisimama hapo, kitenge cha kijani kimefungwa kiunoni juu ya gauni jeusi, shangazi Elisabeth nyuma yake kama ukuta. Desturi ilimtaka asubiri kuitwa. Hakusubiri.

"Papa," alisema, "nilikuwa nimefanya kazi usiku yote, na asubuhi tena. Sikukuambia juu ungekataa niende. Hiyo ni kosa yangu. Kusinzia haiko kosa."

Polycarpe alimtazama. Alikuwa na maneno yake tayari, maneno ya ukoo, lakini yalikataa kutoka, na yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Siku moya nilisinzia mu motokari," alisema. "Taa ilikuwa nyekundu, Tonawanda, natoka kiwandani. Polisi njo alikuya kunigonga ku dirisha. Sikuambia mutu, niliona haya." Alijifuta uso kwa kiganja. "Jules, usingizi ya kazi naijua. Haiombake ruhusa."

"Kwa hiyo unasema nini?" aliuliza Jules.

"Nasema binti yangu hajaolewa. Anarudia kwetu." Kisha akamgeukia Précieuse, sauti imemshuka. "Nilifunga mulango nikabaki nyuma yake, mama. Sikuingia hata kanisani siku ile."

Précieuse alipiga magoti mbele ya baba yake, na mzee akamshika kichwa kwa mikono miwili. Jikoni wanawake wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Tevin alitoka nje. Aliambiwa atatoka kwa ule mlango, naye akautumia. Alikuwa amefika kwenye gari, Ochieng akilaumu nyuma yake, aliposikia hatua.

"Tevin Mwenda."

Aligeuka. Walisimama katikati ya magari ya wazee wa ukoo, jua la mchana likiwaka kwenye vioo. Alikuwa amekonda, na alikuwa mzuri, na Tevin hakujua aweke wapi mikono yake.

"Sasa unaweza kuniuliza," alisema Précieuse.

Aliuliza. Hakuwa na pete, wala hotuba, na alikosea maneno mara mbili. Lakini aliuliza, kwa Kiswahili, akimtazama machoni, kama mtu ambaye jibu lolote litakuwa halali.

Précieuse alikunja na kukunjua upindo wa kitenge chake mpaka Ochieng akaingia garini kwa kushindwa kuvumilia.

"Leo sitakujibu," alisema. "Nataka nilale kwetu kwanza."

Tevin aliitikia kwa kichwa. Ilimwuma, na alielewa. "Lala salama, Précieuse. Sitakuamsha."

Karibu atabasamu. Akarudi ndani kwa baba yake.

Siku iliyofuata, Tevin alikuwa amekaa jikoni kwake, chai imepoa, simu iko mezani anaitazama bila kuigusa. Ilipoita, alikaribia kuiangusha.

"Nimeamuka," sauti ilisema, nzito, ya mtu ambaye bado yumo kitandani.

"Umelala vizuri?"

"Nimelala mingi. Gloire aliniwekea muziki kwa sikio na sikusikia. Sasa uliza tena, nisikie muzuri."

Akauliza tena.

"Ndiyo," alisema Précieuse.

Tevin alifumba macho. Kule upande wa pili alisikia kitasa, kisha sauti ya Mzee Polycarpe ikiuliza ni nani anayepigiwa simu asubuhi yote hii.

"Ni Tevin, Papa. Anauliza kama anaweza kukuya Jumamosi, siku ya posho."

Hatua zikasogea karibu. Mzee alikohoa.

"Akuye na bazee bake," alisema. "Na akuye muchana."